Asilimia za Nchi na Kura za Jimbo

Kila uchaguzi unapokaribia, hapa Malolo tunasikia: "Utafiti umeshasema, fulani amepita." Wapo hata wanaoona hakuna tena haja ya kupanga foleni. Basi tuone utafiti wa maoni unasema nini hasa. (Hatuzungumzii kura za maoni, ambazo kwetu ni mchujo wa wagombea ndani ya chama.)

Mwaka 2015, kati ya Agosti na Septemba, Twaweza iliwauliza kwa simu watu 1,848 wa Tanzania Bara. Asilimia 65 walimtaja Dkt. John Magufuli, na 25 Edward Lowassa. Oktoba 25 ilipofika, Magufuli alipata asilimia 58 na Lowassa karibu 40. Mshindi alikuwa yuleyule, ila pengo lilipungua zaidi ya nusu.

Je, watu 1,848 ni wachache mno? Hapana. Mnunuzi wa vitunguu hamwagi gunia zima. Anachomoa vichache, mradi asitazame vya juu tu. Idadi hiyo, ikichaguliwa bila upendeleo, hukosea kwa asilimia mbili au tatu hivi. Tofauti ya 15 kwa Lowassa lazima ina sababu nyingine. Kampeni ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza. Wengine hawakuwa wameamua. Tena mtu akiulizwa siri yake kwenye simu anaweza kutaja jina lisilomletea shida. Sisi tunadhani jambo hili hupewa uzito mdogo mno.

Kwenye ubunge, hesabu inakuwa ngumu zaidi. Bara ina majimbo zaidi ya 200, kwa hiyo watu 1,848 ni kama tisa tu kwa jimbo. Tisa kwa Mikumi nzima! Katika somo la mantiki tunafundishwa kwamba sifa ya kitu kizima si lazima iwe sifa ya kila kipande chake. Kwa hiyo anayetuletea asilimia za ubunge tumwulize kwanza: Mikumi waliulizwa wangapi?

Mwaka huohuo wa 2015 CCM ilishinda urais na viti vingi vya Bunge, lakini Jimbo la Mikumi lilimchagua Joseph Haule, yaani Profesa Jay, wa CHADEMA. Mwaka 2020 jimbo likarudi CCM, kwa Dennis Londo.