Upinde Uliolegea Mkono Mmoja

Mti wa mkole uliokaushwa kivulini kwa miezi haustahili kuwa kuni kwa sababu tu kisu kimepita kiasi. Wengi huutupa. Upinde ukivutwa mara ya kwanza, mkono mmoja hupinda kama utepe, wa pili husimama kama mchi, na kijana hukata tamaa mbele ya baba yake.

Tuelewe kwanza uzito wa kosa. Ukipunguza sehemu moja tu ya kumi ya unene, zaidi ya robo ya ugumu huondoka. Kwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, ambao upinde ni riziki, hili si mzaha.

Palipolegea pasiguswe tena. Tupatie alama ya mkaa. Tukwangue mkono ulio mgumu, kidogo kidogo, upande wa tumbo unaomwelekea mpigaji, huku tukiuvuta na kuutazama. Mgongo, unaoelekea shabaha, tusikate nyuzi zake: hapo ndipo mpasuko huanzia.

Mikono ikilingana, upinde wote utakuwa dhaifu. Basi tukate ncha zote mbili, vidole viwili kila upande, tuchonge chale mpya za kufungia ugwe. Upinde mfupi ni mgumu kuliko mrefu wa unene ule ule. Lakini nao usivutwe mbali kama ulivyokusudiwa awali, la sivyo utakatika.

Mgongo uliokwisha kuchanika ni jambo jingine. Upinde huo, hata ukizungushiwa kano, tusimpe mtoto auvute.