Hiyo Si Homa, Ni Vumbi

Kama unaishi Kaptembwo au Free Area, unajua vile vumbi huamka Januari na Februari. Hata jina Nakuru, la Kimaasai, huelezwa kuwa mahali pa vumbi.

Sasa cheki: unapiga chafya kila asubuhi, macho yanawasha, kamasi ni maji tupu, lakini mwili hauna joto na hii ni wiki ya tatu. Hiyo si homa. Ni aleji: kinga ya mwili inapigana na vumbi ikidhani ni adui. Antibiotiki hazitakusaidia, wacha kuzinunua.

Uliza kemisti dawa ya aleji isiyoleta usingizi, hasa kama unaendesha boda. Lakini kifua kikibana na kupiga filimbi, au midomo ikivimba, kimbia hospitali. Usingoje kesho.