Dakika kwa Kilometa: Upande wa Pili wa Kasi

Tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu, mzaliwa wa Mkoa wa Singida, alishinda marathoni ya mashindano ya dunia ya riadha kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Mwalimu wa fizikia atagawanya kilometa 42.195 kwa muda huo, apate wastani wa kilometa 19.5 kwa saa, yaani meta 5.42 kwa sekunde. Wakimbiaji wenyewe hawasemi hivyo. Wao husema: kila kilometa, dakika 3 na sekunde 5 hivi.

Hesabu hizi mbili zaeleza mwendo mmoja. Gawanya 1 kwa kasi, utapata muda wa kila kizio cha umbali. Hata mwendo unapobadilika, kanuni hiyo hutumika katika kila nukta, mradi mkimbiaji hajasimama. Akisimama, kasi yake ni sifuri, na 1 haigawanyiki kwa sifuri.

Kosa la kawaida ni katika wastani. Tuseme mwanafunzi wa Ikungi aendesha baiskeli kilometa 10 kwa kasi ya kilometa 10 kwa saa, kisha kilometa 10 nyingine kwa kilometa 20 kwa saa. Wengi hujibu upesi: wastani ni 15. Sivyo. Ametumia saa moja na nusu kwa kilometa 20. Wastani ni 13.3. Lakini hesabu ya wakimbiaji haimpotezi: dakika 6 na dakika 3 kwa kilometa, wastani 4.5, nalo ndilo jibu sahihi, kwa kuwa vipande viwili vya njia ni sawa kwa urefu. Jibu la 15 lingefaa kama vingelingana kwa muda.

Mtego mkubwa zaidi umo katika mchapuko, ambao haugeuzwi kwa kugawanya 1 tu. Mkimbiaji akiongeza kasi, muda wa kila meta hupungua, kwa kadiri ya mchapuko uliogawanywa kwa kasi iliyozidishwa kwa yenyewe mara tatu. Chukua mchapuko wa meta 1 kwa sekunde kwa sekunde. Kwa kasi ya meta 2 kwa sekunde, kadiri hiyo ni 1/8. Kwa kasi ya meta 5, ni 1/125 tu. Ndiyo maana juhudi ile ile huonekana kidogo sana katika saa ya anayekwenda mbio tayari.

Huko Tokyo, Mjerumani Amanal Petros aliandikiwa muda ule ule wa Simbu. Walitenganishwa na sekunde 0.03. Kwa kasi ya wastani wa Simbu, hizo ni sentimeta 16.