Madirisha ya Vyumba vya Chini ya Ardhi

Wasikilizaji wetu, wengi wenu hamjapata kuona nyumba yenye chumba kilichochimbiwa ardhini. Katika nchi za baridi kali ni jambo la kawaida. Mjini Chicago, huko Marekani, ardhi huganda wakati wa baridi, nayo ikiganda huvimba na kuinua kilichojengwa juu yake. Kwa hiyo misingi hushushwa inchi 42, yaani zaidi ya mita moja. Mtu akiisha kuchimba kiasi hicho, huona heri aendelee apate chumba kizima. Kuta zake ni za zege, na karibu na dari huachwa madirisha madogo yanayochungulia nje usawa wa majani.

Zamani mengi ya madirisha hayo yalikuwa ya chuma, na miimo yake ilishikwa ndani ya zege lenyewe. Hapo ndipo taabu ilipoanzia. Mvuke wa ndani ukikutana na chuma kilichopoa hugeuka maji, kama mvuke wa wali kwenye kifuniko cha sufuria. Maji huleta kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa; basi husukuma zege mpaka likapasuka.

Fundi mwenye haraka huipigapiga miimo kwa nyundo, akaondoka na dirisha pamoja na kipande cha ukuta. Twaona afadhali kwenda polepole. Kwanza vioo vitolewe. Kisha chuma cha chini kikatwe katikati kwa msumeno wa chuma, na vile vya pembeni vivyo hivyo. Kila kipande kipinduliwe kuelekea ndani kwa mtaimbo, nacho hutoka bila kuligombeza zege. Kisichotoka kikatwe sawasawa na ukuta, kikwanguliwe kutu, kipakwe rangi ya kuizuia. Lakini jihadharini na rangi ya kale: huenda ina risasi, ambayo Marekani iliikataza katika rangi za nyumba mwaka 1978, na vumbi lake hudhuru akili za watoto. Ilowesheni kwanza, wala msiikwangue kavu.

Sasa pimeni tundu, wala si dirisha la zamani. Upana upimwe juu, katikati na chini, na urefu vivyo hivyo; kipimo kidogo kuliko vyote ndicho cha kufuata, na dirisha jipya lipungue kama nusu inchi ili lipate kusawazishwa kwa kabari na pimamaji. Kizingiti cha chini kiinamishwe kuelekea nje, maji yasirudi chumbani. Nafasi iliyobaki ijazwe kwa kiasi tu. Ikishindiliwa mno, miimo hupinda na dirisha halifungiki tena.

Kama chumba ni cha kuweka kuni na masanduku, kazi imekwisha. Kama mtu hulala humo, dirisha ni mlango wake wa kukimbilia moto. Kanuni za ujenzi zinazofuatwa katika sehemu nyingi za Marekani zataka chumba kama hicho kiwe na dirisha lenye uwazi wa kutosha mtu kupita, na ukingo wake wa chini usizidi inchi 44 kutoka sakafuni. Tundu la zamani ni dogo mno kwa hayo. Kulipanua si kazi ya kujaribu nyumbani, maana ukuta huo umebeba nyumba na kuzuia udongo, aitwe mhandisi.

Maji nayo ni adui. Septemba 2021 mvua kubwa ilipoipiga New York, watu 13 walikufa mjini humo, na 11 kati yao walikuwa katika makao ya chini ya ardhi. Kwa hiyo dirisha likiwa chini ya usawa wa uwanja, shimo lililo mbele yake litiwe changarawe na mfereji wa kupitishia maji, liondolewe majani makavu, na kifuniko chake kiweze kufunguliwa kutoka ndani bila ufunguo, hata na mtoto.