Kununua Ardhi Kenya Ukiwa Unaishi Nje ya Nchi

Anayeishi Muscat au London na kutamani kiwanja Kilifi huanza kwa kuulizia bei. Tunamshauri aanze na uraia wake. Sheria ya Kenya haimzuii mtu kununua ardhi kwa sababu tu haishi nchini. Inachotazama ni iwapo ni raia, na jibu lake ndilo linaloamua anauziwa nini hasa.

Kwa mujibu wa Ibara ya 65 ya Katiba ya mwaka 2010, asiye raia anaweza kumiliki ardhi kwa kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Hati ikimwandikia milki isiyo na ukomo, sheria huihesabu kuwa ni ya miaka 99. Kwa hiyo mgeni anayelipa bei ya milki ya kudumu analipia kitu asichoweza kukipata. Kununua kwa jina la kampuni hakumsaidii, kwani kampuni huhesabiwa kuwa raia pale tu inapomilikiwa na raia watupu.

Wapo pia wanaojidhania raia. Kwa kawaida, mzaliwa wa Kenya aliyechukua uraia wa nchi nyingine kabla ya tarehe 27 Agosti 2010 alipoteza ule wa Kenya, hata kama kitambulisho chake cha zamani bado kimo sandukuni. Katiba inampa haki ya kuurejesha kwa kuomba. Ni vyema aurejeshe kabla ya kutia saini mkataba, lakini kwanza aulize kama nchi anakoishi inaruhusu uraia pacha.

Mashamba yana sharti lake. Mauzo ya ardhi ya kilimo huhitaji idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na bodi hutakiwa kukataa ikiwa mnunuzi si raia, isipokuwa Rais ametoa msamaha. Hapa ndipo wengi hunaswa: kipande kinachotangazwa kuwa kiwanja cha nyumba huenda bado ni shamba kisheria.

Picha aliyoituma ndugu yako kwa simu haikuonyeshi hayo. Omba taarifa rasmi kutoka sajili ya ardhi, kwa namba ya hatimiliki, kupitia wakili uliyemchagua mwenyewe wala si wa muuzaji. Itakuonyesha jina la mwenye ardhi, aina ya milki, na kama kuna rehani au zuio. Ukilazimika kumwachia jamaa akutilie saini, hati ya uwakilishi itaje ardhi hiyo moja na kazi hiyo moja, kisha isajiliwe. Hatuna nia ya kuwatilia shaka ndugu. Ila mamlaka yasiyo na mpaka humwezesha anayeyashika kuiuza hata ardhi uliyokwisha kuinunua.

Katika hesabu zako weka ushuru wa stempu, asilimia 4 ya thamani mjini na asilimia 2 mashambani, pamoja na ada ya wakili. Malipo ya ushuru huo yatangulie usajili, na usajili uwe kwa jina lako, kama lilivyoandikwa katika pasipoti yako.