Gitaa la Pauni 8 na Gitaa la Dola Milioni 6

Ukitaka ubishi usioisha kijiweni, uliza nani mpiga gitaa bora wa roki. Mmoja atamtaja Jimi Hendrix, wa pili Jimmy Page, wa tatu atawaambia nyote hamjui muziki. Basi tuanze na vinavyohesabika, maana hapo angalau namba zinasema zenyewe.

Kwanza bei. Juni 2020 gitaa aina ya Martin D-18E, lililotengenezwa mwaka 1959, lilipigwa mnada Marekani kwa dola milioni 6.01 na kuvunja rekodi ya magitaa yote yaliyowahi kunadiwa hadi siku hiyo. Lilikuwa la Kurt Cobain wa Nirvana, lile alilolipiga New York Novemba 1993 katika onyesho la MTV Unplugged, miezi michache kabla hajafa. Mwaka uliotangulia, Stratocaster nyeusi ya David Gilmour wa Pink Floyd ilikwenda kwa dola milioni 3.975. Siku hiyo Gilmour aliuza magitaa zaidi ya 120, na mapato yote, zaidi ya dola milioni 21, akawapa ClientEarth, shirika la wanasheria wanaotetea mazingira.

Lakini bei ni mwongo mkubwa. Solo ya Cobain katika "Smells Like Teen Spirit" inafuata tu njia ya uimbaji wake. Kijana wa bendi ya mtaani anaishika kwa mchana mmoja. Milioni 6 zile hazikununua ufundi wa vidole.

Kasi nayo? Wanaoshindania kasi hupenda kujipima kwa "Flight of the Bumblebee" ya Mrusi Rimsky-Korsakov, muziki unaoiga nyuki mkubwa akivuma. Mapigo yanaongezwa, yanaongezwa tena, hadi sikio linashindwa kutenganisha noti na noti. Nimejaribu kuwasikiliza. Baada ya nusu dakika, cherehani ya fundi nguo ina ladha zaidi. Wa mbio ninayemvulia kofia ni Eddie Van Halen, ambaye "Eruption" yake ya mwaka 1978 ina dakika 1 na sekunde 42 tu. Alileta mikono yote miwili kwenye shingo ya gitaa, akaifanya iteleze kama mpiga kinanda, na vijana wa dunia nzima wakarudi vyumbani kuanza upya.

Kwa wingi wa wapigaji, ushindi ni wa mji wa Wrocław, Poland, ambako kila Mei Mosi watu hukusanyika uwanjani na kupiga "Hey Joe" kwa pamoja kumkumbuka Hendrix. Mwaka 2019 walizidi 7,000. Na gitaa la roki lililofika mbali kuliko yote ni la Chuck Berry: "Johnny B. Goode" ya mwaka 1958 imo katika sahani ya dhahabu iliyopakiwa kwenye vyombo vya anga vya Voyager mwaka 1977. Voyager 1 sasa iko zaidi ya kilomita bilioni 24 kutoka hapa, na ni huo tu wimbo wa roki uliomo.

Sasa tuje kwa wale ambao mizani haiwapimi. Tony Iommi alikuwa na miaka 17, mfanyakazi wa kiwanda cha vyuma Birmingham, na siku ile ya mwaka 1965 ndiyo ilikuwa ya mwisho kazini. Alipokwenda nyumbani kula mchana hakutaka hata kurudi. Mama yake ndiye aliyemsukuma akamalize siku. Akawekwa kwenye mashine asiyoizoea, ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Iommi ni mashoto, kwa hiyo mkono huo ndio unaobana nyuzi. Msimamizi wake alimpelekea sahani ya Django Reinhardt, mpiga gitaa aliyepiga solo kwa vidole viwili baada ya kuungua mwaka 1928. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akaifinyanga iwe vikofia vya vidole, akavisugua na kuvivisha ngozi ili visiteleze. Nyuzi za kawaida bado zilimuumiza, akafunga nyepesi zaidi, na baadaye akazilegeza. Sauti nzito, nene, ya kuburuta ya bendi yake, Black Sabbath, iliyozaa muziki wote wa metali tunaoujua, imetoka pia katika maumivu hayo.

Brian May wa Queen yeye alikosa hela tu. Mwaka 1963 yeye na baba yake Harold, fundi wa elektroniki, walianza kuchonga gitaa nyumbani. Shingo ilitoka kwenye mbao za meko kuukuu zenye matundu ya bungua. Waliyaziba kwa njiti za kiberiti. Springi za pikipiki zikaingia kwenye mtambo wa kuyumbisha nyuzi, na alama za shingoni ni vifungo vya mama yake vya kushonea. Gharama yote: kama pauni 8. Gitaa hilo ndilo linalopiga solo ya "Bohemian Rhapsody" nyuma ya Freddie Mercury, mtoto wa Unguja, na May hulipiga kwa sarafu ya peni 6 badala ya kipande cha plastiki. Noti mbili tu, unajua ni yeye.

Hapo ndipo kipimo changu kilipo. Hendrix, mashoto mwingine, aliligeuza gitaa la mkono wa kulia juu chini na kulifunga nyuzi upya. Ule mluzi wa spika ambao fundi mitambo hukimbilia kuuzima, yeye aliutawala, na asubuhi moja ya Agosti 1969 katika tamasha la Woodstock akautumia kuupiga wimbo wa taifa la Marekani kama mji unaoshambuliwa. Tangu atue London Septemba 1966 hadi kifo chake, ilikuwa miaka 4, na albamu 3 za studio.

Kabla yao wote alikuwapo mama mmoja wa Cotton Plant, Arkansas. Sister Rosetta Tharpe, mwimbaji wa injili, alikuwa akilikaanga gitaa la umeme wakati Hendrix angali mtoto mchanga. Mwaka 1964 alipiga kwenye stesheni ya reli iliyofungwa Manchester, mvua ikinyesha, yeye amevaa koti upande mmoja wa reli na watazamaji wameketi upande wa pili. Chuck Berry aliingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame mwaka 1986, kundi la kwanza kabisa. Tharpe alifariki mwaka 1973. Waliomwingiza Berry walimkumbuka Tharpe mwaka 2018.