Jeshi la chama ni kitu gani?

Redioni tunasikia mara kwa mara maneno "jeshi la chama". Yametajwa sana katika habari za Wakurdi, watu wanaokaa Uturuki, Iraki, Irani na Siria bila kuwa na nchi yao wenyewe. Chama chao kimoja, PKK, kilianza vita na serikali ya Uturuki mwaka 1984. Mwezi Mei 2025 kilitangaza kujivunja na kuweka silaha chini.

Lakini sisi wa Kolandoto hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Tufuate reli tu, Tabora, Dodoma, mpaka Morogoro.

Kwanza tusichanganye mambo. Hapa Usukumani tunawajua sungusungu. Walianza mwanzoni mwa miaka ya 1980, wezi wa ng'ombe walipozidi. Walishika pinde na mishale, lakini kazi yao ilikuwa kulinda kijiji. Hawakutaka kuiondoa serikali. Jeshi la chama ni la watu wanaotaka kubadili utawala wenyewe. Chama ni kichwa, jeshi ni mkono.

Tutazame Afrika Kusini. Chama cha ANC kiliundwa mwaka 1912. Kwa karibu miaka 50 kilidai haki za Waafrika kwa barua, mikutano na migomo. Makaburu hawakusikia. Tarehe 21 Machi 1960 polisi waliwapiga risasi watu pale Sharpeville, wakafa 69. Kisha ANC ikapigwa marufuku. Basi utadai vipi kwa maneno, na kusema kwenyewe ni kosa?

Tarehe 16 Desemba 1961 likajitokeza jeshi lao, Umkhonto we Sizwe, maana yake Mkuki wa Taifa. Nelson Mandela alikuwa mmoja wa waanzilishi. Mwanzoni walilipua nguzo za umeme na ofisi za serikali, wakijaribu wasiue watu. Mwaka 1962 Mandela alipita kwa siri Mbeya mpaka Dar es Salaam, akaonana na Mwalimu Nyerere. Muda si mrefu baadaye alikamatwa, akafungwa miaka 27.

Waliobaki walikuja kwetu. Mwaka 1964 walipewa kambi Kongwa, mkoa wa Dodoma, pale Waingereza waliposhindwa kulima karanga. Ilikuwa kambi ya mazoezi, lakini kazi kubwa ikawa kungoja. Njia ya kurudi kwao ilizibwa: Msumbiji walikaa Wareno, na Rhodesia walitawala walowezi. Mwaka 1967 baadhi yao walijaribu kupita Rhodesia, wakapigana kule Wankie. Wengi waliuawa au kufungwa.

Kijana mmoja aliyepona ni Chris Hani. Yeye na wenzake waliandika waraka mkali: viongozi wanakaa raha mijini, askari wanasahauliwa kambini! Kwanza walisimamishwa uanachama. Lakini maneno yao yalikuwa na uzito, na Aprili 1969 ANC ikaita mkutano mkubwa Morogoro kuyajadili. Walioandika waraka walirudishwa, na chama kikaweka taratibu mpya za kuongoza vita. Sisi tunaona mkutano huo ulikuwa na faida kuliko mabomu mengi, maana bunduki isiyosikilizana na chama chake humgeukia mwenyewe.

Tusifiche na mabaya. Mwaka 1983 bomu lao mjini Pretoria liliua watu 19, na wengine walikuwa wapita njia tu. Katika kambi zao za Angola wapo wenzao walioteswa kwa kushukiwa upelelezi. ANC yenyewe ilichunguza ikakiri.

Nje kidogo ya mji wa Morogoro, pale Mazimbu, palikuwa shamba la mkonge. ANC ilijenga hapo shule ya vijana waliokimbia makaburu. Iliitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, askari wa Mkuki wa Taifa aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Alikuwa na miaka 22.

Agosti 1990 ANC ilisimamisha vita ili kuzungumza na serikali. Mwaka 1994 watu wote walipiga kura, na askari wa Mkuki wa Taifa wakaingizwa katika jeshi la nchi, pamoja na wale waliopigana nao. Mazimbu ilirudishwa kwa Tanzania mwaka 1992. Leo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine wanasoma katika majengo yale, na makaburi ya wapigania uhuru yako palepale.